Uzi wa Nyatiti Uliokatika Matangani

Mwezi uliopita tulikuwa Jeddah. Familia ninayoifanyia kazi inaishi Riyadh, Al-Malqa, lakini joto likizidi wanahamia kwa dada yake madam kule Al-Hamra, na mimi nahamishwa pamoja na masufuria. Alasiri moja nilikuwa juu ya paa naanika mashuka, nikasikia mtu ng'ambo ya ukuta anapiga simsimiya, chombo cha nyuzi cha watu wa pwani ile, kinachopakatwa kama mtoto. Jamani, shuka liliniponyoka. Ilikuwa sauti ya nyatiti ya baba yangu kabisa, ila ilikosa mguu.

Ngoja niwaeleze huo mguu. Sisi wa upande wa ziwa tunajulikana Kenya nzima kwa muziki. Hata hayo magitaa ya benga, wazee wanasema yalijifunzia kwa nyatiti. Ina nyuzi nane. Mpigaji anakaa kwenye kigoda, amevaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na pete hiyo anaigonga kwenye ubao wa chombo: ko, ko, ko. Vidole vinalia, mguu unacheza. Kijana wa bosi hupenda nyimbo za Waamerika weusi, ananiambia ni za huzuni lakini zinachezeka. Nikamwambia, habibi, hata kwetu zipo. Akacheka. Huyo anadhani mimi najua kupika kabsa, wali wao wa nyama, basi.

Nimetoka njiani. Baba alikuwa mpigaji wa matanga. Kwetu mtu mzima hazikwi kimya, lazima aimbiwe mababu zake mmoja mmoja. Na nyatiti mwanamke haigusi, hata kuihamisha akifagia; akiigusa, wanasema, uzi utakatika. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Baba akienda shambani naingia nyumba yake, ya peke yake, naifunga ile pete kidoleni kwa kamba ya katani isichomoke, napiga. Nilijua nyimbo zake nne. Siku moja nikaona uzi mmoja umelegea, nikaukaza. Nikaukaza tena kidogo. Ukalia vizuri, nikafurahi.

Kesho yake baba alikwenda kumwimbia marehemu mmoja mkubwa, mwenye wake watano na ng'ombe wasiohesabika. Kafika katikati ya mababu, uzi ukakatika, ukamchapa shavuni. Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kwa huyu, wanawake ndio wapigaji." Wakacheka, matangani! Baba aliifunga nyatiti kwenye gunia akarudi nyumbani bila kula.

Akatusimamisha uani, mama yangu, mimi, na Mama Mdogo, mke wake wa pili. Mama Mdogo alikuwa msichana tu, hajamaliza hata mwaka kwetu, na alipenda kuimba akitwanga.

"Nani aliyeigusa?"

Nikasema, "Nilimwona Mama Mdogo."

Hakuna aliyenituma. Ulimi ulikwenda wenyewe. Mama Mdogo akaniangalia usoni, halafu akashusha macho mpaka mguuni kwangu, pale kamba ilipokuwa imenichubua duara zima. Juzi yake yeye mwenyewe alinikanda kidole hicho kwa maji ya chumvi, nikamdanganya nimejikwaa.

"Ni mimi, Baba Atieno," akasema.

Baba akamfukuza siku ile ile, akaondoka na kikapu na mkeka. Jioni mama akanipakulia kichwa cha samaki, kizima, ambacho kwetu hapewi mtoto. Nilikila chote. Siwafichi, nililamba na vidole.

Baba aliweka uzi mpya, lakini mimi sikuingia tena nyumba ile. Nilijiambia kuiacha nyatiti ndiyo toba yangu, na toba hiyo nimekuja nayo mpaka Uarabuni. Watu wengine wanabeba picha za watoto.

Basi tuliporudi Riyadh, ile simsimiya haikunitoka kichwani. Binti yangu akanitafutia namba ya Mama Mdogo. Yu hai, aliolewa kijiji cha pili, sasa ni bibi wa watu.

"Mama Mdogo, ni Atieno. Ile nyatiti niliiharibu mimi. Nikakusingizia."

"Wee mtoto! Unamaliza pesa ya simu kuniambia ninachokijua?" Akacheka, nikasikia kabisa kwamba meno yameisha. "Kila siku nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilikuwa naacha kutwanga nikusikilize. Mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wa baba yako, Mungu amrehemu."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Angekuchapa mpaka uiogope. Mimi mume ningepata mwingine, na nikapata, tena huyo alikuwa na ng'ombe! Lakini mkono kama ule, ungetoka wapi tena? Haya niambie, nyathina, mwanangu. Bado unapiga?"

Nikiwa mtoto nilidhani nimemwibia mume, basi. Sikujua kwamba alikuwa amenunua kitu siku ile uani, na kwamba kitu chenyewe ndicho nilichokizika kwa mikono yangu nikakiita toba.

Madam akaita kutoka ngazini, "Atieno, yalla!"

"Ndiyo, Mama Mdogo," nikasema, ulimi ukaenda wenyewe kama siku ile. "Napiga kila Ijumaa."

Akapiga kigelegele, hapo hapo kwenye simu.