Mwali wa Dawati la Nyuma

Sifa njema ni zake Mola, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu na hakuuliza kwanza amezaliwa bonde gani. Kwa jina lake naanza, na kwake naomba ulimi wangu usivuke mpaka wa ukweli.

Juzi mjukuu wangu alifungua chupa ya mafuta ya nyonyo apake nywele, na harufu ile nzito ikanirudisha darasa la saba.

Shule yetu ya msingi ilikuwa ukingoni mwa mji wa Morogoro, pale lami inapokwisha na njia ya Milima ya Uluguru inapoanza kupanda. Ilikuwa na watoto wa aina mbili. Walikuwapo wa kota za kiwandani, ambao baba zao walitoka Songea, Mwanza, Tanga na kwingineko, wenye viatu miguuni na redio nyumbani. Na tulikuwapo sisi Waluguru wa mlimani, tulioshuka na ukungu kila asubuhi, miguu imelowa umande, nguo zinanuka moshi. Kila Ijumaa tulifanya jaribio, na Jumatatu tulipangwa kukaa kwa alama. Ungeingia darasani ungedhani tumepangwa kwa makabila: kota mbele, mlima nyuma. Wenzetu walitutania kwamba tumeshazoea kukaa juu, basi huku chini tuwe wapole.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, lakini alikwisha kuamini kwamba kichwa cha mlimani kinajua jembe tu. Alilisema hilo bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hakuna aliyemwambia kwamba wasichana wetu hawakuwa wakifeli, walikuwa wakitoweka. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, asionwe na watu wala jua mpaka ukoo uwe tayari kumchezea ngoma. Alipotoka, darasa lilikuwa limeshamwacha mbali.

Kisha zikaja zile enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikapunguza watu, na familia za kota zikaanza kupakia vitanda kwenye malori kurudi makwao. Madawati ya mbele yakabaki matupu, wala hatukuambiwa tusogee. Mwalimu mkuu akatutazama kwa huzuni, akasema mwaka huu shule itaaibika.

Mwaka huo huo, mtihani ukikaribia, nikavunja ungo.

Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mjomba alisema niingie ndani. Mama akatandika mkeka. Kazi ikawa ya bibi, mama yao wote wawili, kungwi aliyeheshimiwa ng'ambo zote za mlima. Alinipaka mafuta ya nyonyo toka utosini, akanilaza kwenye mkeka gizani. Nililia kimya kimya, maana nilitaka sekondari kuliko nilivyotaka kula, na niliujua mwisho wa wasichana walionitangulia kwenye mkeka ule.

Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, bibi akanivalisha sare ya shule. Juu yake akanifunika kaniki, kichwa mpaka kifundoni, akanishika mkono kama anayemwongoza kipofu. Tukashuka kupitia migombani. Darasa zima liligeuka. Mwalimu mkuu alimwamkia bibi kwa adabu, kisha akauliza amemletea nini.

"Marahaba, mwanangu. Ni mwali wangu. Haonwi na mtu, basi msimtazame. Fundisha."

Akaketi nje ya mlango na kuanza kumenya maharage.

Tukaendelea hivyo. Mwali hasemi mbele za watu, kwa hiyo swali likinifikia nilikwenda ubaoni na kutoa mkono tu chini ya kaniki. Wavulana walisema darasa lina jini linalojua hesabu za sehemu. Mjomba alipopata habari alikuja akitweta, akidai mila imechezewa. Bibi hakuacha maharage yake. Alimwambia kungwi ni yeye, na siku wanaume watakapoanza kuwacheza wali, atamwachia kazi.

Siku ya mtihani ukaja msiba mwingine. Msimamizi, mgeni kutoka mbali, alisimama mlangoni na mgambo. Alisema mtahiniwa asiyeonekana sura haingii. Mwalimu mkuu alimsihi, akakataa. Nyuma yetu njiani walikuwa wamesimama wanawake wa mlimani waliokuwa wakipeleka magimbi na ndizi sokoni, wameweka matenga chini, wanamtazama bibi.

Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Kisha akaishika kaniki kwa mikono miwili, akaivuta, na jua likanipiga usoni.

"Basi aonwe," alisema. "Nenda, mama. Andika."

Niliandika. Matokeo yalipokuja nilikuwa miongoni mwa waliochaguliwa, pamoja na watoto wengine wa mlimani, na mwalimu mkuu alisoma majina yetu mara mbili, kana kwamba hakuliamini jicho lake. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei. Shule haikuwa imebadilika akili. Ilikuwa tu imewaona waliokuwamo siku zote.

Msimu uliofuata nilirudi likizo. Ngoma za wali zililia ng'ambo ya bonde, na bibi alikuwa jikoni akipepeta mchele. Nikadhani miguu imemchoka. Nilikuwa mtu mzima, nikiwafundisha watoto wa watu, ndipo mama aliponieleza: tangu siku ile ya kaniki hakuna ukoo uliompelekea tena mwali. Heshima ya maisha yake yote aliivua pale mlangoni, mbele ya wanawake aliowacheza mwenyewe, na mpaka anaingia kaburini hakunidai hata shukrani.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukisikia mtu akisema watoto wa mahali fulani hawafaulu, mkatalie. Muulize ni nani aliyewafungia mlango. Mola akufungulie wewe na kizazi chako milango ya elimu yenye manufaa, na akujaalie mtu wa kusimama nawe mlangoni pale itakapofungwa. Amina.