Majibu ya Pamoja

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa bodaboda inayoteremka mlima ikiwa imezimwa injini ili kuokoa mafuta. Lakini hofu niliyoipata mwaka ule binti yangu alipokuwa darasa la nne haikufanana na hizo. Ilinikuta mchana kweupe, nimekaa uani napukuchua mahindi.

Tulikuwa tumehama Old Korogwe kwenda upande wa Kang'ata, kwenye shamba la mume wangu. Shule ya serikali ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo linalojaa maji wakati wa mvua. Ya kanisa ilikuwa karibu, kengele yake unaisikia ukiwa jikoni, kwa hiyo binti yetu akaenda ya kanisa. Ilikuwa shule ndogo mno. Darasa la nne lilikuwa na watoto watano, nao walikaa chumba kimoja na darasa la tatu, ubao mmoja umegawanywa kwa mstari wa chaki. Mwalimu wao alikuwa binti mpole ambaye Jumapili ndiye aliyewafundisha watoto katekisimu.

Siku ya wazazi nilivimba kichwa. Mwalimu aliuliza maswali ya sayansi, na wale watano wakajibu kwa sauti moja, moja baada ya jingine, bila kukwama hata mahali pamoja. Tukapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikimringia mume wangu kwamba kule mjini, watoto walivyojazana darasani, mambo hayo mtoto angeyasikia wapi.

Siku chache baadaye ndipo tukawa tunapukuchua mahindi, mimi na binti yangu. Nikamtania.

"Haya msomi wangu, malaria huenezwa na mdudu gani?"

Akaniangalia kama niliyemkosea. "Mama, hujaanza na la kwanza."

"La kwanza lipi?"

"Sehemu kuu za mmea."

"Achana na mmea. Mimi nakuuliza malaria."

Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza. Nikamsikia akipita kwenye mmea, akapita kwenye meno, akapita kwenye upepo, mpaka akafika. "Mbu!" akasema, na kutabasamu.

Nilicheka. Kisha nikamuuliza jingine la katikati, akafumba macho tena na kurudi kwenye mmea. Hapo kicheko kikanikauka, mikono ikaacha kazi. Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani wa taifa wa darasa la nne, na anayeshindwa anarudia darasa. Karatasi ya mtihani hutoka mbali. Haijui utaratibu wa chumba chetu, wala haimsubiri mtoto atoke kwenye mmea. Nilimwona mwanangu peke yake kwenye dawati, amefumba macho, muda unakwisha. Na kilichozidi kunitisha ni kwamba nilikuwepo siku ile ya wazazi, nimepiga vigelegele, nisigundue lolote. Hata mimi katekisimu niliisoma hivyo hivyo, swali na jibu, swali na jibu, na masikio yangu yaliona ndiyo kusoma kwenyewe.

Kwenda kwa mwalimu niliogopa pia. Nikimuudhi, mtoto bado yuko mikononi mwake. Nikimhamishia mtoto Korogwe kwa bibi yake, watabaki wanne, na wazazi wa wale wanne wana macho. Darasa linaweza kufa kwa ajili ya mdomo wangu. Hata hivyo nilikwenda.

"Shikamoo mama," akaniamkia, na kunipa kiti.

"Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote, maneno yakinikimbia.

Hakuudhika. Alifuta chaki mikononi kwa khanga yake. "Mama, nikigeukia darasa la tatu, hawa wa nne nimewapa mgongo. Wakijibu kwa pamoja, najua wapo. Lakini majibu wanayajua. Kaa hapo nyuma ujionee."

Nikakaa. Mwalimu akasimama mbele ya wale watano, akaliruka la kwanza kwa makusudi.

"Malaria huenezwa na mdudu gani?"

Wakajibu kwa sauti moja, safi, bila wasiwasi wowote:

"Mizizi, shina, majani, maua na matunda!"

Nilitamani kucheka, ikashindikana. Mwalimu naye alibaki na mkono juu, rangi imemtoka usoni, na nikajua sasa tunaogopa wawili. Watoto walitutazama wakingoja swali la pili. Hawakujua kwamba kumetokea kitu.

"Leo hatujibu pamoja," mwalimu akasema, sauti imeshuka. "Atajibu mmoja mmoja." Akamnyooshea kidole binti yangu. "Kwa nini tunachemsha maji ya kunywa?"

Binti yangu akasimama. Akafumba macho, akayafumbua. Akatazama kulia, hakuna aliyeanza. Akatazama kushoto, kimya. Kisha akageuka nyuma kunitafuta mimi, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nilishika ubao wa benchi ili nisimkimbilie.

Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, naomba urudie swali."

Katika chumba kile sidhani kama kuna mtoto aliyewahi kuomba hivyo. Mwalimu akarudia polepole, neno kwa neno, na mwanangu akamkazia macho mpaka mwisho.

"Ili yapate moto," akasema.

Alikosa. Mtihani ulikuwa unakuja, na jasho lilikuwa limenilowesha mgongo mzima. Lakini lilikuwa jibu la swali aliloulizwa, na alilitafuta mwenyewe.