Jina la Kazini

Rafiki yangu, wewe nakuandikia kwa sababu najua utasoma mpaka mwisho. Haya sijayasema yote hata kanisani. Kanisani watu wanapenda ushuhuda unaoishia kwa vigelegele, na huu wangu hauna.

Mimi ni mama, fundi wa kushona, Mkongo wa Uvira, nakaa Troyeville, hapa Johannesburg. Nyumba yetu ni moja ya zile za zamani. Kila chumba kimegawanywa kwa mbao, na nyuma ya kila ubao kuna familia nzima. Ukipanda mpaka kilima cha Observatory, kule juu kwenye mawe wanakoombea watu wa kanzu nyeupe, unaona kwetu kote mara moja. Magorofa ya Joubert Park yamebanana, nguo zimeanikwa kila dirisha. Yanafuata mapaa yetu ya bati, halafu reli. Ng'ambo ya reli ni viwanda: vya chuma, vya rangi, vya magodoro, malori yamepanga foleni, mpaka kule kwenye vilima vya njano vya mchanga wa migodi. Ukiangalia kutoka juu unadhani kule ni mashine tu. Si kweli. Katikati ya viwanda watu wanapika, wanalala, wanazaa. Najua, maana nimepita huko geti kwa geti nikimtafuta mdogo wangu.

Mdogo wangu, tumbo moja. Nilimbeba mgongoni kule kwetu, na hapa nilimpokea stesheni akiwa mwanaume mwenye ndevu. Alipata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda kimoja cha vitanda vya chuma. Kila Jumapili, nikitoka ibadani, namkuta ameketi mlangoni anasubiri fufu na sombe, kisamvu chetu.

"Yaya," ananiambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "sombe hii umeipika au umeihubiria?"

"Kula, mpagani wewe."

Chumba alikuwa anashiriki na kijana wa Tanga, dobi, huko Joubert Park. Jumapili moja alikuja naye. Kijana mpole, ana kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto, kila tonge anasema alhamdulillahi. Alisifu chapati zangu, akasema mama yake ndiye pekee anayenishinda. Baadaye nilisikia amehamia Cape Town kutafuta maisha.

Kitu kimoja tu mdogo wangu alikuwa hataki.

"Yaya, usinifuate kazini."

"Kwani kitambaa changu cha kanisani kitakuaibisha?"

"Kitawakimbiza wezi, halafu mimi nitakosa kazi."

Nilicheka. Lakini moyoni iliniuma kidogo. Nilidhani ananionea haya.

Basi ikaja Jumapili hakutokea. Simu haishiki. Nikafunika sahani yake kwa sahani nyingine. Jumapili iliyofuata nikafunika tena. Watoto wangu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu Kizulu, wakawa wananiuliza, "Uphi umalume?" Mjomba yuko wapi? Niliwaambia tuombe.

Nilienda chumbani kwake, wamekaa watu wengine. Nilienda hospitali, nilienda polisi, nilienda hata kule wanakoweka maiti. Kila mahali nilitaja jina lake, lile alilopewa na baba yetu. Kila mahali waliniambia hayupo. Na mimi nilitoka nje nikamshukuru Mungu. Nilidhani kukosa jina lake ni uzima.

Ndipo nilipoingia kwenye viwanda. Sikujua ni kipi, maana hakuwahi kunionyesha. Kiingereza changu cha shule ya jioni kinatosha kuuliza, basi nikauliza kila geti. Natoa jina, mlinzi anatikisa kichwa, nasonga mbele. Vumbi la chuma linakuingia mpaka kwenye meno. Cherehani yangu ilikaa imefunikwa, wateja wakahama.

Siku moja mvua ilinikamata, nikajibanza kwenye spaza, kiduka cha mtaani, karibu na robot, taa za barabarani. Muuzaji aliniuliza ninalia nini, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Nyuma yangu alikuwa amesimama mlinzi mmoja Mzulu, mtu mzima, amekuja kununua mkate. Nilimtambua. Geti lake nilikuwa nimeshapita, na jina nililomtajia alikuwa amelikataa.

Akainama kuangalia simu.

"Eish, Mama. Huyu si yule Mtanzania?"

"Hapana, baba. Huyu ni Mkongo. Ni mdogo wangu."

"Hapa kwetu ni Mtanzania." Akataja jina, jina la Kiislamu, na mimi likaniingia polepole. Lilikuwa la yule dobi wa Tanga.

Halafu mlinzi akavua kofia. Hakuhitaji kusema zaidi, lakini alisema. Mdogo wangu alianguka pale getini ameshika kifua. Gari la wagonjwa likamchukua, na hakurudi. "Watanzania wenzake walikuja kumzika," akasema. "Walikuwa wengi, Mama. Walikuja na basi."

Kumbe kijana wa Tanga alipoondoka alimwachia karatasi yake inayoruhusu kufanya kazi. Ndiyo maana sikutakiwa kazini. Ningemwita kwa jina lake mbele ya watu, kazi ingeisha. Hakuwa ananionea haya.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayeuza kahawa karibu na Joubert Park, ndiye anayesimamia mazishi ya Watanzania wasio na ndugu hapa. Nilipoanza kueleza alinitania.

"Nyie Wakongo Kiswahili mnakipasua kama kuni. Taratibu, mama. Unamtafuta nani?"

Nikampa simu. Akaitazama. Akaweka birika chini.

"Huyu nilimwosha kwa mikono yangu," akasema. "Kifuani ana chale ndogo, mbili mbili."

"Ni za utotoni. Alikuwa mgonjwa, bibi yetu akamchanja."

"Tuliambiwa kuna kijana wa Tanga hana mtu. Sisi maiti hatumcheleweshi. Tukachanga sanda, tukamwosha, tukamswalia, tukamzika siku ileile."

"Hamkuuliza kwao?"

"Tuliuliza jina, mama. Jina likatutosha." Machozi yakamtoka, mzee wa watu. "Nisamehe."

Ningemsamehe nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimezunguka na jina, nikapita geti la mdogo wangu nikaenda.

Alinipeleka makaburini, upande wa Waislamu. Kaburi dogo, safi, na kibao chenye jina la mtu aliye hai. Nilipiga magoti nikaimba wimbo wetu. Mzee alisimama pembeni, viganja vimefunguliwa, akinisubiri. Kanisani wapo walioniambia tumfukue, tumzike upya kwa maombi yetu. Nilikataa. Wageni walimwosha mdogo wangu kama ndugu yao. Bwana Yesu anamjua alipolala. Nilichoomba ni kibao kile kitolewe, na mzee alikitoa mwenyewe. Jina lake halisi bado hatujaruhusiwa kuliandika, maana kwenye makaratasi ya serikali aliyelala pale ni mwingine. Jumapili bado namfunikia sahani. Mikono inafanya yenyewe.

Tukiwa tunarudi, mzee alisema, "Kuna mama mwingine." Siku za msiba alimpa mfanyabiashara mmoja wa Tanga habari apeleke nyumbani kwa kijana. Mfanyabiashara hajarudi, simu yake haipokelewi, na hapa hakuna mwingine anayeijua nyumba yao. Kwa hiyo Tanga yuko mama ameshakaa matanga, ameshatoa nguo za mwanawe, na mwanawe huenda sasa hivi anapiga pasi Cape.

Mimi wangu hatafufuka Jumapili hii. Wa kwake anaweza kupiga hodi. Jina la kijana siliandiki, nisije nikamletea matatizo kwa ajili ya ile karatasi. Lakini mama atamjua: dobi, mpole, kovu la pasi mkono wa kushoto, aliyesema chapati za mama yake hazina mpinzani. Rafiki, kama una mtu Tanga, msomee haya. Kama una mtu Cape, mwambie amtafute huyo kijana, ampigie mama yake simu, mama amsikie sauti. Mpe na mwingine naye asome, mpaka yamfikie.