Nilivyoacha kuandika "ciel bleu" Butembo, na ndege ikaja kumchukua mama

Wakuu, heshima kwenu kutoka Butembo.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu. Miaka kibao nasoma nyuzi zenu na kucheka peke yangu. Leo naandika ya kwangu kwa sababu shukrani imenijaa hadi shingoni. Yote ni kweli, hata sehemu zinazoniaibisha, na hizo ni nyingi kuliko ningependa.

Kiswahili changu ni cha Kivu. Nimekinyoosha kadiri nilivyoweza, mtanivumilia.

Niiteni Kavira. Ni agent wa kampuni ndogo ya ndege hapa kwetu. Kazi yangu ni kupima abiria na mizigo kwenye mizani, kuandika majina, kufukuza mbuzi kiwanjani kabla ndege haijatua, na kila asubuhi kumtumia rubani hali ya hewa kwa WhatsApp.

Ndege yetu ina viti tisa na inalala Mavivi, kule Beni. Rubani wetu, ambaye sote tunamwita Commandant, kabla hajawasha injini anataka kujua Butembo kukoje. Kiwanjani kwetu hakuna mitambo ya hali ya hewa. Kuna mimi na macho yangu.

Sasa aibu yenyewe.

Sisi ma-agent wa Butembo tuna desturi. Hewa iwe vipi, unaandika "ciel bleu", yaani anga ni bluu, njoo. Ukiandika mawingu, rubani anakwenda zake Bunia na abiria tisa wanabaki mikononi mwako. Na kama humjui mfanyabiashara wa Butembo aliyekosa ndege, shukuru Mungu. Atakuuliza kama hayo mawingu ni ya baba yako.

Halafu ukungu wa asubuhi sisi hatuuhesabu kabisa. Tumezaliwa ndani yake. Kila siku upo, saa tatu au saa nne unaondoka wenyewe. Kwetu kuripoti ukungu ni sawa na kuripoti kwamba kuna vilima.

Kwa hiyo miaka minne nikaandika ciel bleu. Wakati mwingine nilikuwa naiandika kitandani, pazia halijafunguliwa. Ndiyo, cheka tu.

Jumatatu moja msimu huu wa mvua nikaituma kama kawaida. Nilipofika kiwanjani, mwisho wa njia ya ndege sikuuona. Nikajisemea ukungu utaondoka tu.

Ndege ikaja. Tukaisikia juu ya vichwa vyetu, ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatukuiona hata bawa. Kisha mlio ukaanza kurudi upande wa Beni.

Baadaye Commandant akapiga simu.

"Kavira, ile bleu uliiona wapi? Niko na batu ndani, chini naona nyeupe tupu, na vilima iko pembeni! Unataka tukufe?"

"Commandant, ni brouillard, ukungu kidogo tu, ya kila siku..."

"Kuanzia leo message yako hapana soma tena. Nitaangalia internet. Basi."

Alikuwa na haki. Ila wakati ule nilinuna, nikaona ananionea.

Mchana wa Jumatatu hiyohiyo mama yangu akaanguka.

Mama analima vitunguu na viazi kwenye mteremko nje ya mji. Udongo ulikuwa umelowa, akateleza na kikapu mgongoni, mfupa wa paja ukavunjika. Majirani walimbeba kwa machela ya miti hadi hospitali.

Daktari akasema hapa hawawezi kuurekebisha mfupa ule. Lakini Beni kulikuwa na daktari bingwa wa mifupa, mgeni, amekuja wiki moja tu, na Ijumaa jioni anaondoka.

Mtasema Beni si mbali. Kweli, si mbali. Lakini muulizeni aliyepita barabara ile kwenye mvua, mashimo yake na mambo mengine ambayo sitayataja hapa. Daktari alikataa kabisa. "Mama huyu kwa gari hapana. Mufupa itatoboa nyama mbele ya kufika nusu ya njia. Mutafute ndege."

Mutafute ndege. Akaniambia mimi!

Jumanne asubuhi anga ya Butembo ilikuwa safi kweli. Sijawahi kuona anga safi vile. Nikamwandikia Commandant, nikamweleza habari ya mama. Akanijibu kwa upole kwamba ananihurumia, lakini internet inaonyesha radi Butembo. Akanitumia na screenshot, kawingu na kamshale ka njano.

Wakuu, zile app zinaonyesha radi Butembo kila siku ya msimu wa mvua, asubuhi hadi jioni. Nikampigia picha anga, nikamtumia. Akajibu: "Iyo picha ni ya mwaka gani?"

Hapo nikalia. Si kwa hasira. Nililia kwa sababu nilijua kwamba swali lake ni halali. Neno langu nilikuwa nimelimaliza mwenyewe, asubuhi moja baada ya nyingine, na siku mama analihitaji halikuwa na kazi tena.

Mchana nikakaa kando ya kitanda chake na simu yangu. Nilifikiri hivi: kama Commandant anaamini internet, basi nitafute internet yenye ukweli. Nikaanza kutafuta ripoti za hali ya hewa za marubani kwa ajili ya kupanga safari ya ndege.

Zipo. Kuna kurasa ambako marubani wanaacha maneno kwa wenzao: nimepita hapa, saa hii, urefu huu, nimekuta mawingu, nimekuta mtikisiko. Mwingine aliandika barafu kwenye bawa. Sisi barafu tunaijua kwenye Ruwenzori tu, tena siku mawingu yakikubali kufunguka!

Lakini zile ripoti ni za nchi za watu. Nikaandika Butembo, hakuna. Nikaandika Beni, hakuna. Eneo letu lote lilikuwa tupu.

Nikaja humu, nikakuta uzi wa zamani kuhusu hali ya hewa na ndege. Nikauliza pale chini bila matumaini: marubani wakiwa hawajaandika chochote kuhusu mji wenu, mnafanyaje?

Haikupita saa moja, mkuu mmoja akanijibu. Alisema yuko Mwanza, amestaafu kazi ya kuandaa safari za ndege. Aliniuliza maswali machache, nikamwambia yote, pamoja na habari ya ciel bleu. Hakunicheka. Aliandika hivi, ninayo hapa kwenye simu:

"Dada, usitafute ripoti yenu mtandaoni, haipo. Iandike wewe. Rubani akiripoti hasemi hewa nzuri au mbaya. Anasema yuko wapi, saa ngapi, anaona nini, haoni nini. Chagua vitu vinavyojulikana umbali na urefu wake. Na ukitaka aamini uzuri, mpe ubaya wote kwanza."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikamwachia dada yangu zamu ya kukaa na mama, nikakodi moto, ndiyo pikipiki ya kwetu, na dereva wake.

Tukatoka kiwanjani hadi mnara wa kanisa, nikisoma kilomita kwenye dashibodi. Tukaenda hadi mikaratusi ya bonde la mashariki. Tukapanda kilima chenye antena, nikasoma urefu wake kwenye simu. Mwenye moto akaniuliza, "Dada, unapima hii mji unataka kuiuza?"

Jumatano asubuhi sikuandikia kitandani. Nilisimama katikati ya kiwanja, viatu vimelowa umande, nikaandika:

"Butembo, saa moja asubuhi, 0500 kwa saa za marubani. Ukungu. Mwisho wa kiwanja unaonekana kwa shida. Mnara wa kanisa, kilomita mbili, hauonekani. Mikaratusi ya mashariki haionekani. Antena haionekani. Upepo hakuna. Usije sasa. Nitaandika tena baada ya nusu saa."

Nikatuma. Ndege ya mama yangu, na mimi mwenyewe naandika usije.

Nikaona tiki mbili za bluu, basi.

Nusu saa baadaye nikaandika tena: kiwanja chote naona, kanisa bado. Nusu saa nyingine: kanisa naliona, mikaratusi nusu. Saa tatu kasorobo: mikaratusi yote, antena naona hadi ncha, mawingu yako juu yake, kusini kuna wingu jeusi linasogea polepole.

Simu ikalia.

"Kavira, ni weye kweli uko unaandika?"

"Ni mimi, Commandant."

"Ile nyeusi ya kusini, itafika kwako saa ngapi?"

"Sijue, Commandant. Sitadanganya. Naona bado iko mbali."

"Bon. Utayarishe mama. Nakuja."

Alitua. Walikuwa wametoa viti vitatu ili mama alale. Mama akiwa amefumba macho kwa maumivu alimshika Commandant mkono, akamwambia "wasingya", ndiyo asante ya Kinande. Yule bwana akaniangalia mimi, akasema, "Hapana mimi, mama. Shukuru mutoto wako." Wakuu, nililia tena, mbele ya abiria na mizani yangu.

Alhamisi mama akapasuliwa salama.

Lakini Alhamisi hiyo hiyo mimi nilikuwa kiwanjani, na ukungu ulikataa kuondoka. Kulikuwa na bwana mmoja, mkewe mguu umefungwa mbao, anawahi daktari yuleyule. Saa nne bado naandika usije. Alinisogelea karibu sana.

"Jana mama yako alienda. Leo bibi yangu hapana. Ungekuwa weye, ungeandika hivyo?"

Nikamwonyesha ujumbe wa jana kwenye simu. Usije sasa. Akausoma, akanirudishia simu, akarudi kukaa na mkewe.

Saa nane anga ikafunguka. Nikaandika nilichokiona, na Commandant akaja moja kwa moja bila kuniuliza kitu. Mke wa yule bwana alipanda. Mwenyewe hakuniaga, wala sikumlaumu.

Nilichojifunza ni kidogo tu: mwenzako akitegemea macho yako, mpe macho, usimpe hamu yako. Sasa hivi Commandant naye akipita ananiandikia alichokuta huko juu, na mimi nampelekea agent wa Beni. Ripoti za marubani za kwetu zimeanza hivyo, kwenye WhatsApp.

Nyie mnaofanya kazi viwanja vidogo, hebu nielezeni mnapimaje urefu wa mawingu pasipo na kilima? Na kama mna kosa kama langu, tubuni hapa chini, sitawacheka sana.

Na mkuu wa Mwanza, kama unasoma, nitafute inbox. Mama sasa anatembea kwa magongo hadi kanisani. Jumapili iliyopita aliomba misa ya shukrani kwa ajili yako, na kwa kuwa hatujui jina lako, padri alisoma mbele ya waumini wote: "Tumuombee mutu wa mawingu wa Mwanza." Kanisa zima liligeuka kututazama. Mama hakujali, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Lakini anataka jina la kweli, mkuu. Anasema mtu akikuombea lazima akutaje.