Siku Nilifungua Kikwembe ku Gare

Hii mambo mi nasikiaka haya kuisema, naisema tu juu bashemeji zangu banaongezaka chumvi, basi afadhali muisikie kwa mwenyewe. Mbele ya batu yote ya gare ya Kolwezi, mi, muke wa mutu, mama wa mutoto, nilifungua kikwembe. Na nyuma yangu alikuwa amesimama tata-bukwe, baba ya bwana yangu.

Ilikuwa ile wakati wenyeji walitufukuza, shiye batu ba asili ya Kasai. Mi nilizaliwa pale pale Kolwezi, mu mutaa wa Dilala, nilisoma pale, lakini babu alitoka Kasai, ikatosha: tukawa tunalala ku gare na mizigo, tunangojea treni. Mimba yangu ilikuwa imepitisha siku, mutoto anakaa tu mule ndani (labda alisikia habari ya inje, akakatala). Na mi nilikuwa na kovu, juu mutoto wa kwanza walinipasua. Kuzalia mu treni na ile kovu, katikati ya pori, ni kufa, na bwana yangu Kalala alijua.

Njo asubuhi tukaenda ku maternité, nyumba ya kuzalia, karibu na gare. Bamama wawili wa kuzalisha wakanipima: mulango wa kizazi umefungwa, mugumu kabisa. Wakaanza kubishana juu ya kichwa yangu. Mama Agnès alitaka kinini, ile kidonge ya kuleta uchungu. "Treni inaweza kuja kesho. Kinini inalainisha mulango na kuleta uchungu mbio." Mama Serafina akakatala: "Na kovu? Kinini ikisukuma sana, kovu ikaanza kupasuka, kinini utaitoa namna gani? Tuweke puto." Puto ni mupira mudogo, wanauingiza mu mulango wa kizazi, wanaujaza maji, unafungua polepole mpaka unatoka wenyewe, na mambo ikiharibika wanatoa maji na kuuvuta.

"Polepole," Mama Agnès akasema, "na treni ikikuja?"

Wakaniangalia. Nikasema kovu ni yangu, wekeni puto.

Wakaweka, mukia ya ule mupira wakaubandika ku paja na plasta, wakaniambia nitembee kidogo mu lupango, ndani ya ua yao. Mu lupango tu. Lakini mi nilikuwa nawaza mashini yangu ya kushona, kama bado iko ku mizigo, nikajiambia kutembea ni kutembea, gare si mbali (hapo njo ujinga wangu ulianza).

Ku mulango wa gare kulikuwa barieri ya bijana, wanapekua bafukuzwa, eti tunaiba bitu bya kampuni ya migodi. Jua kali, jasho, plasta ikabanduka, mukia ya mupira ikatokea chini ya kikwembe. Mumoja akaiona. "Mama, unaficha nini? Hii mupira ni ya kampuni." Nikamwambia ni ya lopitalo, ni ya kuzalisha. Wakacheka. Akainama, akanyoosha mukono aivute, na maji yote iko bado mule ndani, na kovu yangu pale pale.

Hasira ikanipanda toka miguu. Kwetu, mama aliyezaa akikuvulia uchi kwa hasira, umelaaniwa, na hata bale ba barieri balijua, beko na bamama ku nyumba. Nikafungua kikwembe, nikaiacha ianguke. "Vuta sasa," nikamwambia. "Vuta, nikuone."

Wakakimbia, mumoja akaacha kiatu. Puto ikatoka yenyewe, ikaanguka chini mbele ya batu. Nikageuka kuokota kikwembe, na tata-bukwe huyu hapa, na sahani yangu ya bukari, ugali yetu, mu mukono. Mutu hajawahi kula na mi meza moja, hajaona hata nywele zangu bila kitambaa. Akaangalia ukuta, akauambia ukuta: "Mwambieni mukazamwana wangu avae."

Ku maternité wakanipima: mulango umefunguka. Mama Agnès mwenyewe njo alipokea mutoto, binti, na kovu ikavumilia.

Bukwe wakakaa kikao, wakataka kuku mweupe ya kusafisha haya ya tata-bukwe, na musamaha. Kuku nilitoa. Musamaha nilikatala, niombe nani, juu ya nini? Mu treni tata-bukwe alinipa mugongo safari yote, lakini mutoto alimubeba yeye, na saa ya kunyonya alimupa Kalala anipitishie, bila kugeuka.

Kwa hiyo nimeapa. Siku ingine, mbele ya kufungua kikwembe, nitaangalia kwanza nani eko nyuma. Kufungua, nitafungua.