Dakika ya Ishirini na Mbili

Saa nne za usiku Mama Kipanga alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha cherehani, mguu uko juu ya kanyagio lakini haukanyagi, sikio limeelekea mlango wa chumba cha binti yake. Kazi haikukosekana. Sare kumi na moja za wahudumu wa hoteli zilikuwa zimelundikwa mezani zikingoja vifungo. Ila usiku ule hata uzi ulimshinda kuupitisha kwenye tundu la sindano.

Mle chumbani binti yake wa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye majaribio. Ilikuwa gemu ya watano kwa watano, kila mchezaji kwao, wanasikilizana kupitia mtandao. Timu moja yenye sifa ilikuwa inatafuta mtu wa tano, na atakayechukuliwa atahamia kuishi na wenzake kwenye nyumba ya timu, mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti alijiita Kipanga huko kwenye gemu. Siku mama yake mdogo alipolisikia jina hilo, nyumba nzima iliacha lile la kuzaliwa, na fundi cherehani naye akawa Mama Kipanga mpaka kwa wateja wake.

Mara sauti ikapanda mle ndani. "Imekwama! Jamani, nimekwama, msini—"

Mama aliinuka, akagonga taratibu. "Mwanangu, vipi huko?"

"Tumepigwa."

"Wamekukataa?"

"Kapteni kasema nirudie Jumamosi saa tisa mchana. Laptopu ikikwama tena, nisimpotezee muda."

"Njoo ule basi."

"Sina njaa, mama."

Alirudi kitini pake, na hapo akalihisi jambo ambalo hakumwambia mtu. Kifua kilikuwa kimeshuka, kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Binti haendi. Angalau wiki hii haendi. Akaona haya peke yake, akazima taa upesi kana kwamba mtu alikuwa anamtazama.

Labda ni haya hiyo iliyomwamsha mapema kesho yake, akachukua daftari la vipimo vya wateja na kulifungua ukurasa mpya. Shule aliiacha darasa la saba, na kompyuta yenyewe alijua kuifunga tu, si kuifungua. Lakini miaka ishirini na sita ya ufundi ilikuwa imemfundisha kwamba mshono ukiachia kila mara pahali pamoja, hauachii bure.

"Hukwama saa ngapi?" alimuuliza binti.

"Inakwama tu, mama. Mwanzoni inakwenda vizuri, baadaye nabonyeza nikimbie, mtu wangu anasimama kama sanamu. Akija kushtuka, kashauawa."

"Ni mtandao huo," alidakia mama mdogo, simu mkononi. "Huyu hajarogwa."

"Na wewe ndiye unayeumaliza," Mama Kipanga alimjibu, "na tamthilia zako za kulia kulia."

"Haya, mchawi kapatikana! Nichomeni basi."

Siku hiyohiyo Mama Kipanga alikwenda kwa fundi wa kompyuta, kijana mpole ambaye kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili. Fundi alimsikiliza huku anapuliza vumbi kwenye mashine ya mtu.

"Mama, kuna kukwama kwa namna mbili," alisema. "Kuna ugonjwa wa njiani na ugonjwa wa ndani ya mashine. Pembeni mwa gemu kuna namba inaitwa pingi. Ndiyo inayoonyesha ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi. Ikipanda wakati wa kukwama, ugonjwa uko njiani. Ikitulia na bado inakwama, tafuteni ndani."

"Tuanzie wapi?"

"Itoeni ruta, hicho kisanduku cha mtandao, huko mlikoificha. Najua mmeificha."

Mama Kipanga akacheka bila kutaka. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya mashuka, isipate macho ya watu.

"Muunganishe kwa waya moja kwa moja, na simu nyingine zizimwe mtandao. Laptopu anaiweka kitandani?"

"La, mezani. Meza safi kabisa."

"Vizuri. Kitandani inakosa hewa."

Wakafanya kama walivyoambiwa. Ruta ikatolewa kabatini, waya ukapitishwa chini ya mlango, na mama mdogo akanyang'anywa tamthilia yake katikati ya harusi. Alhamisi alasiri binti akakaa kufanya mazoezi, na mama yake akaketi kitandani nyuma yake, daftari magotini.

Pingi, iliyokuwa ikicheza kwenye mia na ishirini, ilishuka mpaka thelathini na tano. Binti aligeuka akiwa ameng'aa uso mzima. "Mama, inateleza kama siagi!"

Akaandika: dakika ya tano, 35. Dakika ya kumi, 36. Dakika ya ishirini, 35.

Dakika ya ishirini na mbili mtu wa Kipanga akaganda. Binti alibonyeza, akabonyeza tena, akapiga meza. Pingi pale pembeni ilikuwa imetulia palepale, thelathini na tano. Mama aliiandika, kisha kalamu ikasimama. Kulikuwa na sauti chumbani, nyembamba, ya kuhema. Cherehani yake ya mota huhema hivyo akiiendesha mfululizo, na yeye huipumzisha.

Binti alipotoka kwenda kunawa uso, Mama Kipanga alisogea mezani akaweka kiganja juu ya laptopu, kama anavyojaribu pasi. Akakitoa haraka.

Laptopu ilikuwa imevaa koti. Alilishona yeye mwenyewe wiki tatu zilizopita, baada ya kuona mkwaruzo kwenye kona: jinzi nje, sponji katikati, bitana laini ndani, vifungo kila pembe. Chini ya mashine aliona matundu madogo madogo yamejipanga, akadhani ndiyo njia ya vumbi. Akayaziba kwa makusudi, tena kwa sponji ya tabaka mbili. Kipanga alilipenda koti lile. Aliwahi kulivua siku moja, mama akauliza, "Umeshalichoka?" na tangu hapo halikuvuliwa.

Wiki tatu. Na kukwama kulianza lini? Hakuhitaji daftari.

Binti aliporudi, mama alikuwa amekaa tena kitandani. "Umeona kitu?" aliulizwa.

"Bado," alisema.

Neno hilo alilala nalo, au tuseme alikesha nalo. Hakuna aliyejua. Fundi hakuuliza habari za koti, na binti asingefikiri. Jumamosi ingepita, kapteni angemchukua mwingine, na jioni nyumba ingekuwa na sahani tatu mezani kama kawaida. Alichohitaji ni kutosema lolote tu. Na yeye amevivisha vitambaa vitu vyote vya nyumba hii, redio, jokofu, hata kopo la sukari, kwa kuvipenda. Nani angemlaumu? Alijigeuza upande wa pili, jibu likamfuata na huko.

Ijumaa alimkuta binti anapiga mswaki.

"Ni koti," alisema.

"Koti gani?"

"La laptopu. Nimeziba pumzi yake. Inapata joto, ndipo inalegea. Ulivue."

Binti alitema povu, akamwangalia kwenye kioo. "Umejua lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. "Jana. Ulipokwenda kunawa."

"Nikakuuliza."

"Ukaniuliza."

Binti akafunga bomba, akampita, na baadaye Mama Kipanga akasikia vifungo vinafunguliwa, kimoja kimoja.

Jumamosi saa tisa laptopu ilikuwa uchi juu ya meza, imeinuliwa kwa vigurudumu vinne vya uzi ili hewa ipite chini. Vigurudumu alivileta mama, binti akavipokea na kusema "asante" iliyokauka. Mlango ukafungwa.

Dakika ya ishirini Mama Kipanga aliacha kushona. Ya ishirini na mbili alishika ukingo wa meza. Ndani ilisikika, "Nipo! Nipo nyuma yako, songa!" Ikapita ya thelathini. Mama mdogo akaja na kikombe cha chai, mkono tayari kugonga.

"Mwache," alisema Mama Kipanga.

"Angalau tujue!"

"Mwache, nimesema."

Kelele za ushindi zilikuja, kisha mazungumzo ya chini. "Ndiyo, kapteni... Jumatatu ya wiki ijayo?... Basi la alfajiri, sawa... La, bado sijamwambia mama."

Mama Kipanga alisimama mbele ya mlango. Alijua binti yake yuko pale ndani, hatua tatu tu, anatafuta maneno, na alijua kazi hiyo inavyochukua usiku mzima wakati mwingine. Akaurudisha mkono uliokuwa umeshainuka. Akarudi cherehanini, akatunga uzi, akashona kifungo cha sare ya kwanza, na mlango ukabaki umefungwa.