Maneno Manne Niliyomjazia Deng

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituoni kabla ya saa moja asubuhi, viatu vinang'aa, nikitegemea kupewa filimbi na nafasi kwenye gari la doria. Nilipewa kiti. Sajini wa zamu, mzee wa masharubu, alinitazama kutoka kofia hadi soli.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Sekondari, afande. Kidato cha nne."

"Una mwandiko?"

"Ninao, afande."

"Basi kaa hapa kaunta. Wenye miguu watakimbia."

Nikakaa, na sikuinuka hadi nilipostaafu. Wenzangu wanajisifia majambazi waliowafukuza. Mimi nilifukuza nzi. Wala sikulalamika, maana kwa asili yangu ni mtu wa nyumbani, na hata hiyo filimbi ningeishia kuipuliza jikoni.

Kazi ya kaunta ni kitabu cha matukio. Kila jambo linaloingia kituoni linaandikwa humo kwa namba na saa, na lisilo na namba halikutokea hata kama paa linaungua. Sajini alinionya mapema: "Kitabu hiki hakijui raba. Ukikosea, unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unatia sahihi pembeni, halafu unamwandikia mkubwa barua kumweleza ulikuwa unafikiri nini. Unataka kuandika barua hiyo?"

"Hapana, afande."

"Basi usikosee."

Mkuu wa kituo hicho cha kwanza, inspekta mwembamba aliyetembea na rula kwapani, hakusoma maneno. Alisoma nafasi. Ukurasa ulikuwa na safu nne: nani ameleta habari, ni wapi, anashukiwa nani, na anafanya nini. Akikuta safu ya nne iko wazi anakuita mbele ya watu. "Hii mbona tupu? Unataka askari wangu waende kumwuliza mwenyewe? Jaza!"

Nikawa najaza. Mtu akiniambia "yuko pale tu," naandika "anazurura." Akisema "sipendi macho yake," naandika "anachunguza mazingira." Ukurasa ukawa unapendeza kama kitambaa cha meza. Siku moja nilisifiwa kwa unadhifu mbele ya gwaride zima, nami nikaenda kumwambia mama kana kwamba nimepewa nishani.

Baadaye nilihamishiwa kituo kikubwa zaidi ndani ya Kampala, ambacho sitakitaja. Wakati huo kila mtu alikuwa na simu mkononi, na watu hawakuhitaji tena kutembea hadi kwetu kumshuku mwenzao. Walimshuku wakiwa wamekaa. "Afande, kuna Msomali hapa na begi." "Afande, Mkaramoja amesimama karibu na duka." "Afande, kuna mtu mweusi ti, mrefu kama mlingoti, hatumjui." Waliniambia bila haya, kwa sababu kwenye simu sina rangi. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Babu wa babu yangu aliletwa kutoka Sudani akiwa askari, na weusi alioubeba niliupokea wote, sikupunguza hata kidogo. Nilikuwa najibu tu, "Asante kwa taarifa," na kuandika.

Nitende haki pia: hata wazungu walipotea mitaani. Mmoja alizunguka mtaa wa Kasubi asubuhi nzima akichungulia mageti, ameshika karatasi. Nililijua hilo kwa sababu dada yangu anakaa huko. Hakuna aliyepiga simu. Walimtolea kiti, wakamtumia soda, na watu watatu wakamsindikiza hadi alikokuwa anakwenda.

Deng hakutolewa kiti. Simu ya kumshuku niliipokea saa nne asubuhi.

"Afande, kuja haraka! Kuna mutu hapa Kasubi, murefu, mweusi sana, si mutu ya hapa. Anaangalia mageti moja moja."

"Amefanya nini, mama?"

"Banange, si nimesema? Anaangalia!"

Niliandika hivi: "Mwanamume, raia wa nje, anachunguza mageti kwa nia ya kuiba." Maneno manne ya mwisho yalikuwa yangu. Safu ilikuwa na nafasi yake, nami sikupenda kuiacha na njaa.

Gari la doria likamleta saa tano. Alivuliwa mkanda na kamba za viatu kama ilivyo desturi kwa kila anayewekwa ndani, akaketishwa kwenye benchi mbele ya kaunta kungojea, magoti yakimfikia kifuani. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, nikamjaribu kwa Kinubi, ambacho pamoja na Kiarabu cha Juba ni watoto wa nyumba moja. Uso wake ukafunguka.

Akanieleza. Binti yake wa miaka sita amelazwa hospitali ya Mulago, na mchana huo anapasuliwa. Daktari atapita saa saba kamili kumweleza baba na kumpa karatasi atie sahihi. Bila sahihi, zamu ya mtoto inakwenda kwa mwingine. Mama yake yuko Juba. Deng alitoka asubuhi kumfuata dada yake Kasubi ili awepo mtu wa kumwuguza, simu ikamzimikia njiani, na alichojua juu ya nyumba ni kwamba ina geti la kijani. Mtoto amemwachia mama wa kitanda cha jirani, mtu asiyemjua hata jina.

"Saa ngapi sasa, dada?" akauliza.

"Tano na nusu."

Nikaenda kwa mkuu wa kituo, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Nilikuwa nimekibeba kitabu, akakisoma.

"Imeandikwa nia ya kuiba," akasema.

"Mtoto wake anapasuliwa leo, afande."

"Kila anayeletwa hapa ana mtoto. Mlete mlalamikaji atoe maelezo. Siwezi kumwachia mtu wa nia ya kuiba kwa sababu ana uso wa huruma."

Nikampigia yule mama wa Kasubi.

"Kuiba? Mimi hapana sema kuiba! Nilisema anaangalia. Nani amesema kuiba?"

Nikageuka kutazama nyuma yangu, labda yupo mwandishi mwingine. "Basi njoo useme hivyo hapa, mama."

"Nikuje? Niko na maharage kwa moto, nnyabo. Nyinyi ndio polisi." Akakata.

Nilirudi kitini nikakaa. Nataka vijana mlioko kaunta leo mjue kwamba nilikaa kwa muda mrefu. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo kuwa koplo, na kwa miaka yote ile sikuwa nimepiga mstari hata mmoja kitabuni. Niliomba kimoyomoyo yale maharage yaive upesi. Deng aliniuliza saa, nikamwambia. Akaniuliza tena, nikamwambia. Mara ya tatu hakuuliza. Alitazama saa ya ukutani, kisha akautazama mlango, halafu akatazama viatu vyake visivyo na kamba.

Nikachukua kitabu, nikapiga mstari juu ya maneno manne, nikatia sahihi pembeni, nikampelekea mkuu.

"Kwa hiyo nani alikuwa na nia ya kuiba?"

"Hakuna, afande. Nilijaza mimi."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na nafasi."

Alikifunga kitabu. "Mwachie. Barua yako niikute mezani kabla ya jioni. Na hiyo usiijazie."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Deng aliondoka mbio ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mkanda aliusahau.

Aliurudia siku ya tatu. Daktari alikuwa ameshapita. Mtoto alipasuliwa kesho yake, baada ya kushindishwa njaa siku ya pili, maana anayengoja kupasuliwa halishwi, na alikuwa anaendelea vizuri. Deng alisema hayo bila hasira. Akavaa mkanda wake taratibu, tundu kwa tundu.

"Mtoto aliniuliza kwa nini sikurudi kama nilivyomwahidi," akasema. "Nimwambie nini?"

Mimi niliyewamalizia watu wazima sentensi zao kwa miaka, nilimsogezea kitabu atie sahihi kwamba mkanda ameupokea.

Ukoplo ulinipita. Nilistaafu konstebo, na sasa niko nyumbani, mahali ambapo kwa kweli nilistahili kuwa tangu mwanzo. Nasikia siku hizi mnatumia kompyuta, na safu ikiwa tupu inawaka nyekundu, inakataa kusonga mbele. Iacheni iwake. Mwiteni mkubwa aje aitazame ikiwaka.

Deng nilimpigia mstari kwa sababu alikaa mbele yangu, akaniuliza saa. Wale wengine sikuwaona. Walipitishwa mlango wa nyuma, au zamu yangu ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nyumbani nakunywa chai. Wamo hadi leo kwenye vitabu vile, mmoja anazurura, mwingine anachunguza mazingira, kwa mwandiko wangu mzuri, bila mstari hata mmoja juu yao.